Barua ya wazi kwa maaskofu wetu: wafundisheni vijana habari za Mtakatifu Tomaso wa Philadelphia

Kwa Baba Maaskofu Wakuu wa Anglikana Tanzania na Kenya, Baba Maaskofu wote, wakuu wa vyuo vya teolojia, na ninyi nyote mnaoandaa mafundisho ya kipaimara,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia kutoka Philadelphia, mji wa mito miwili, Delaware na Schuylkill. Mimi ni mlei, Mwanglikana niliyelelewa Muheza, na sina cheo chochote kanisani zaidi ya ubatizo wangu. Ombi langu ni moja. Historia ya kanisa tunayowafundisha vijana wetu ina pengo kubwa, na sehemu ya pengo hilo inaweza kuzibwa na parokia iliyofunguliwa katika mji huu tarehe 17 Julai 1794: Kanisa la Kiafrika la Mtakatifu Tomaso, la Episkopali. Naomba liingie katika darasa la kipaimara, katika mitaala ya vyuo na katika kalenda zetu za ibada.

Tunachofundishwa nyumbani nakijua kwa kichwa. Mmisionari Krapf anafika Mombasa mwaka 1844. Wamisionari wa UMCA, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, wanaingia Unguja mwaka 1864. Soko la watumwa linafungwa mwaka 1873, na Askofu Steere anajenga kanisa Mkunazini, palepale soko lilipokuwa. Watumwa waliokombolewa wanapelekwa Mbweni na Freretown, wanafundishwa kusoma, wanabatizwa. Yote hayo ni kweli na sina ugomvi nayo. Lakini angalieni jinsi Mwafrika anavyotajwa: anakamatwa, anauzwa, anakombolewa, anafundishwa, anabatizwa. Hakuna anapotenda yeye. Kijana wa miaka 14 anatoka darasani akiamini kwamba kanisa lake lilikuja likiwa limekamilika ndani ya meli ya Mzungu, na kazi ya babu zake ilikuwa kukaa na kupokea.

Nusu karne kamili kabla Krapf hajashuka Mombasa, kando ya Delaware kulikuwa na Waafrika waliojenga kanisa lao, wakaandika katiba yao, wakachagua wazee wao na kuamua wenyewe wajiunge na dhehebu gani. Walichagua letu. Kanisa la Episkopali ndilo Kanisa la Anglikana la Marekani, lililojipanga upya baada ya nchi hiyo kujitoa mikononi mwa mfalme wa Uingereza.

Mtu wa kuanza naye ni Absalom Jones. Alizaliwa mtumwa mwaka 1746 katika eneo ambalo leo ni jimbo la Delaware. Akiwa mtoto alidunduliza senti alizopewa na wageni wa bwana wake, akanunua kitabu cha kujifunzia kusoma. Alipofika miaka 16, mama yake, dada yake na kaka zake waliuzwa, naye akachukuliwa na bwana wake hadi Philadelphia kufanya kazi dukani. Usiku alisoma katika shule ya Anthony Benezet, Mkweka (muumini wa dhehebu la Quaker) aliyewafundisha watu weusi. Mwaka 1770 alimwoa Mary, naye mtumwa. Kwa sheria ya wakati ule mtoto alifuata tumbo la mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa. Kwa hiyo Jones hakuanza kujikomboa mwenyewe. Aliomba, akakopa, akafanya kazi usiku hadi akanunua uhuru wa mkewe ili watoto wazaliwe huru, kisha akalipa deni kwa miaka. Alipomaliza, akamwomba bwana wake auze na uhuru wake yeye. Bwana alikataa na kuendelea kukataa. Alimwachia mwaka 1784, Jones akikaribia miaka 38.

Mji wenyewe ulikuwa wa namna gani? William Penn, Mwingereza mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania, aliuanzisha mwaka 1682, na miaka miwili tu baadaye meli iitwayo Isabella ilishusha hapa Waafrika 150 wa kuuzwa. Christ Church, kanisa mama la Waanglikana wa mji huu, lilianzishwa mwaka 1695, na jengo lake la karne ya 18 lingali limesimama kwenye mtaa wa pili kutoka mtoni. Hatua chache kutoka hapo, kwenye pembe ya Front na Market, palikuwa na mkahawa ambapo watu walinadiwa. Wanaoingia kanisa la Mkunazini wakasimama mbele ya altare wataelewa ninachosema. Tofauti ni kwamba kwetu kanisa lilikuja baada ya mnada kufungwa. Hapa, kwa miaka mingi, viliendelea bega kwa bega.

Jones na rafiki yake Richard Allen, naye aliyejinunulia uhuru, walikuwa wakisali kwa Wamethodisti, katika kanisa la St. George's. Mwaka 1787 waliunda Chama Huru cha Kiafrika. Kilikuwa chama cha kuzikana na kusaidiana, chenye michango, wajane wa kutunzwa na yatima wa kusomeshwa, jambo ambalo mwana kikundi yeyote wa kwetu angelielewa bila kuelezwa. Kisha likatokea tukio ambalo Allen alilisimulia baadaye. Siku moja watu weusi walielekezwa wakae juu, roshani. Wakati wa sala, Jones akiwa amepiga magoti, mdhamini mmoja wa kanisa alimshika na kumvuta ainuke. Jones alimwomba asubiri sala iishe. Yule hakusubiri. Sala ilipokwisha, watu weusi walisimama wote kwa pamoja, wakatoka na hawakurudi. Wanahistoria wanabishana kama ilikuwa 1787 au miaka michache baadaye. Hakuna anayebisha kwamba watu hao walikuwa wamechangia fedha na jasho kulitengeneza kanisa lilelile walilofukuzwa ndani yake.

Wakaanza kujenga lao. Agosti 1793, walipoinua paa, ilifanyika karamu nje ya mji chini ya miti mikubwa. Daktari Benjamin Rush, mmoja wa waliotia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani, alikuwepo na akaeleza katika barua: watu kama 100, wengi wao maseremala, walikaa mezani na kuhudumiwa na Waafrika; walipoinuka, Waafrika kama 50 wakakaa meza ileile, wakahudumiwa na Wazungu. Sijui parokia ngapi za leo, kwenu au huku, zingeweza kufanya hivyo bila minong'ono.

Siku hizohizo homa ya manjano ilikuwa imeanza kuua watu karibu na bandari. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ninayotamani zaidi ifike darasani. Katika mji wa watu kama 50,000, takriban 5,000 walikufa kabla baridi haijafika na kuua mbu. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba ni mbu. Wenye uwezo walikimbia. Rush aliamini kwamba watu weusi hawashikwi na homa ile, akawaomba Jones na Allen wakusanye watu wa kuuguza na kuzika. Imani yake ilikuwa ya uongo na iliwagharimu weusi wengi maisha. Lakini walikwenda. Waliingia katika nyumba ambazo ndugu wa damu walizikimbia, wakawatoa maiti na watoto waliokuwa wamebaki peke yao na maiti hao.

Homa ilipopita, mchapishaji mmoja mashuhuri, Mathew Carey, aliandika kwamba baadhi ya wauguzi weusi walitumia msiba kuwanyang'anya watu fedha. Jones na Allen hawakulia wala hawakunyamaza. Mwaka 1794 walichapisha kijitabu, na ndani yake wakaweka hesabu. Fedha walizopokea kwa kuzika watu na vitanda vyao: pauni 233, shilingi 10 na peni 4. Fedha walizotoa: pauni 33 kununua majeneza ambayo hawakulipwa, na pauni 378 mishahara ya wanaume watano waliobeba maiti, watatu kwa siku 70 na wawili kwa siku 63. Wakaonyesha wazi kwamba msiba ule uliwaacha na hasara ya pauni 177, shilingi 9 na peni 8. Nimewahi kukaa katika halmashauri za parokia, na nakiri kwamba sijawahi kuona taarifa ya fedha inayonisisimua kama hiyo. Waliandika pia habari za mwanamke mzee mweusi aliyemuuguza mgonjwa hadi akapona. Alipoulizwa anadai nini, alijibu: chakula cha mchana, bwana, siku moja ya baridi. Kisha akaenda nyumba nyingine.

Ndivyo kanisa lile lilivyofunguliwa, mwaka uliofuata ule wa homa. Mhubiri wa siku ya ufunguzi alikuwa padri mzungu, Samuel Magaw, na somo lilikuwa Isaya 9: watu waliokwenda katika giza wameona nuru kuu. Aliwausia wawe wanyenyekevu na wawashukuru wafadhili wao. Wenyewe walikuwa na maneno mengine. Katika waraka walioutoa mwaka huohuo wakieleza kwa nini wamejenga, waliandika kwamba wamekusudia kuinuka kutoka mavumbini, kujikung'uta, na kuitupa ile hofu ya kitumwa ambayo mazoea ya kuonewa na kufungwa yaliwalea nayo. Watu hawa walijua kuandika. Wanafunzi wetu wanakariri barua za Livingstone. Sioni kwa nini wasiusome waraka huu.

Kuhusu dhehebu, ilipigwa kura. Jones na Allen wote wawili walipendelea Umethodisti, lakini wengi walikuwa bado na uchungu na Wamethodisti, wakachagua Episkopali. Allen alikataa kuwa kiongozi wao, akaenda kuanzisha kanisa lake la Bethel, ambalo lilikuja kuzaa dhehebu zima la AME, yaani Kanisa la Kiafrika la Kimethodisti la Kiepiskopali, mwaka 1816. Jones alikubali. Walimwendea Askofu William White na masharti yao matatu: wapokelewe kama kundi lililokwisha kujipanga, mambo yao ya ndani wayasimamie wenyewe daima, na Jones aruhusiwe kuongoza ibada na akifaa awekewe mikono. Katika katiba yao waliandika kwamba uongozi wote, isipokuwa wa kichungaji, utashikwa na Waafrika au wazao wao. Askofu alikubali. Jones alifanywa shemasi mwaka 1795, na mwanzoni mwa karne ya 19 akawa padri, mweusi wa kwanza katika Kanisa la Episkopali. Sisemi alikuwa Mwafrika wa kwanza katika Uanglikana wote. Philip Quaque wa Cape Coast, katika Ghana ya leo, alimtangulia, aliwekewa mikono Uingereza mwaka 1765, na yeye pia hatajwi kwetu.

Lakini upande wa pili nao usifichwe, kwa sababu ndio unaotuhusu zaidi. Ili Jones asamehewe sharti la kujua Kigiriki na Kilatini, mkutano mkuu wa dayosisi uliweka sharti lake: parokia ya Mtakatifu Tomaso isitume mchungaji wala wajumbe katika mkutano huo, wala isijiingize katika utawala wa kanisa. Sharti hilo lilikaa hadi miaka ya 1860, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa miaka kama 70, parokia ilimtii askofu na kutumia kitabu kilekile cha sala bila kuwa na mtu wa kuisemea pale mambo yalipoamuliwa.

Baba Maaskofu, mnajua kwamba hata sisi tuna miaka yetu ya namna hiyo. Tangu Krapf afike hadi Mei 1955, Festo Olang', Obadiah Kariuki na Yohana Omari walipowekwa wakfu kule Namirembe, ilipita miaka 111 ambayo Kenya na Tanganyika hazikuwa na hata askofu mmoja mwafrika wa Anglikana. Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyeuzwa utumwani, aliyekuwa padri mwaka 1890 na kuitumikia Chitangali kwa miaka, hakupata kuvaa kofia ya uaskofu. Wawekeni Majaliwa na Jones katika somo moja. Vijana watauliza maswali yenye maana kuliko yale ya kujaza tarehe.

Mtakatifu Tomaso hawakukaa kimya kwa sababu tu sinodi iliwafungia mlango. Mwishoni mwa 1799, Jones aliongoza watu weusi huru zaidi ya 70 kutia sahihi ombi kwa Bunge la Marekani, lililokuwa likikaa mitaa michache kutoka kanisani kwao. Walilalamikia biashara ya watumwa na sheria ya 1793 ya kuwakamata watoro, iliyowawezesha wezi wa watu kuteka hata waliokuwa huru. Bunge lilikataa kwa kura 85 kwa 1. Tarehe 1 Januari 1808, siku Marekani ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje, Jones alihubiri kutoka kitabu cha Kutoka, sura ya 3, pale Mungu anaposema ameyaona mateso ya watu wake na ameshuka kuwaokoa. Alitaja vita vilivyochochewa Afrika ili wapatikane mateka, na meli zilizosheheni vitu vya upuuzi vya kubadilishana na miili na roho za watu. Akapendekeza siku hiyo iadhimishwe kila mwaka. Miaka 65 baada ya mahubiri hayo, soko la Mkunazini ndipo lilipofungwa. Padri mmoja mwafrika alikuwa amekwisha kusimama madhabahuni akaisema biashara hiyo kwa jina, tena akiwa Mwanglikana, wakati Steere hata hajazaliwa.

Kulikuwa na wengine. James Forten, mshona matanga ya meli kando ya Delaware, tajiri aliyeajiri weusi na weupe katika karakana moja, alikuwa mzee wa kanisa hili. Mwaka 1814, Waingereza walipotishia mji, Forten, Jones na Allen walikusanya wanaume weusi wapatao 2,500 kujenga maboma kule Gray's Ferry. Wapo waliolisema kanisa hili kuwa ni la wenye nazo, na si uongo kabisa; lilivuta mafundi, walimu na wafanyabiashara zaidi ya vibarua wa bandarini. Hilo nalo lifundishwe.

Jones alifariki tarehe 13 Februari 1818. Parokia imehama mara kadhaa tangu jengo la kwanza la mtaa wa Fifth, na leo iko magharibi mwa mji, mbali na mto, ikiwa hai na yenye kwaya nzuri kuliko nyingi nilizosikia huku. Majivu ya Jones yamehifadhiwa katika altare yake. Kila Februari 13 Kanisa la Episkopali humkumbuka katika kalenda.

Najua pingamizi linalokuja. Tangu 2003 jina la Episkopali likitajwa nyumbani, watu hufikiria mgogoro wa ndoa za jinsia moja na uaskofu wa mashoga, na majimbo yetu yametangaza kwamba ushirika wetu nao umeharibika. Siandiki kuomba msimamo huo ubadilishwe. Si kazi yangu. Ila Absalom Jones alifariki karibu karne mbili kabla ya mgogoro huo. Hatuachi kumkumbuka Steere kwa sababu ya jambo lililoamuliwa London juzi. Tena, watu wa Mtakatifu Tomaso ndio walioonja mapema kuliko sisi namna kanisa mama linavyoweza kukupokea na kukunyima sauti kwa mkono uleule. Kama kuna wazee wa imani wa Marekani wanaostahili kusikilizwa Dodoma na Nairobi, ni hawa.

Pingamizi la pili ni kwamba hiyo ni historia ya Wamarekani. Wao wenyewe hawakuliona hivyo. Walikuwa na nafasi ya kuliita kanisa lao jina lolote, wakaliita la Kiafrika, wakati kujiita hivyo hakukuwa na faida yoyote mjini hapa.

Ninachoomba kinaweza kufanyika bila fedha nyingi. Somo moja la kipaimara, la saa moja, likiwa na Jones, Quaque na Majaliwa. Tarehe 13 Februari iwe ukumbusho katika kalenda za dayosisi zinazotaka, hata kama ni kwa sala moja tu ya siku. Na wakuu wa vyuo, muwape wanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi ya kutafsiri kwa Kiswahili vitu vitatu: waraka ule wa 1794, kijitabu cha homa ya manjano na mahubiri ya Januari 1, 1808. Maandishi hayo ni ya zaidi ya miaka 200 na hayana tena mwenye hakimiliki. Yeyote anaweza kuyachapisha. Kijitabu ndicho kigumu, kwa sababu ya Kiingereza cha zamani na hesabu za pauni, shilingi na peni. Mahubiri ni mafupi na yatatoshea toleo moja la jarida la dayosisi.

Nakala za maandishi yote matatu ninazo na nitazituma kwa chuo chochote kitakachoandika. Naomba tu ofisi za makatibu wakuu wa majimbo zitangaze ni nani atakayepokea, ili kazi ianze kabla ya Februari ijayo.

Wenu katika Kristo,
Mlei wa Muheza, aishiye Philadelphia